Rangi ya Ng'ombe Aliyeuziba Moyo wa Tata

Jumapili, Novemba. Hamugembe, Bukoba, saa kumi na nusu jioni.

Mvua ilianza adhuhuri na bado haijaamua kuacha. Migomba ya jirani imeinama hadi imegusa ukuta wangu. Nimerudi kutoka Muleba saa tisa, nimevua viatu vyenye udongo nikaviacha barazani, na tangu hapo nimekaa na kikombe cha chai ambacho nimekipasha moto mara mbili bila kukinywa.

Leo nimemwambia Tata jambo nililomficha kwa miaka saba.

Mdogo wangu Projest, mwenye duka la vipuri vya pikipiki pale Rwamishenye, huwa anasoma blogu hii akikosa wateja. Projest, ukifika hapa usinipigie simu. Soma kwanza hadi mwisho, halafu ndipo ukasirike.

Kwa wengine mnaopita tu, Tata ni baba yetu. Ana miaka sabini na mitatu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee wa kanisa, Mlutheri aliyebatizwa kabla hajaota meno. Jumapili akikosa kanisani, mchungaji hutuma mtu kuuliza kama kuna msiba. Lakini Tata huyu huyu ana mwiko mmoja ambao hakuna mahubiri yaliyowahi kuugusa. Kwetu Wahaya kila ukoo una omuziro wake, kitu ambacho watu wa ukoo huo hawali. Wengine ni samaki fulani, wengine ni mnyama wa porini. Sisi ni ng'ombe wa mabaka. Hatuli nyama yake, hatunywi maziwa yake, hatukalii hata ngozi yake.

Nilipokuwa mtoto mwiko huu ulinitesa. Jumamosi nilitumwa buchani, na kabla ya kutaja kilo nilitakiwa niulize, "Alikuwa rangi gani?" Watu kwenye foleni walicheka. Nilitamani ardhi inimeze. Basi mwenye bucha, mtu mmoja mnene mwenye huruma nyingi kuliko nyama, akaanza kukata kipande cha ngozi ya kila ng'ombe aliyemchinja na kukining'iniza kwenye msumari mlangoni. Nikifika natazama msumari. Kama ngozi ni nyekundu tupu au nyeusi tupu, nanunua. Kama ina mabaka, narudi nyumbani na tunakula maharage. Hakuwahi kunidanganya, ingawa angeweza. Mtu yule alishafariki, na bucha sasa ni sehemu ya kuchajia simu. Leo nilipopita nilitazama mlango wake. Msumari haupo.

Nimekumbuka mengi leo. Nadhani ni kwa sababu ya woga. Mtu akiogopa yajayo hukimbilia ya zamani.

Nimekumbuka nilivyojikata kiganja nikimenya ndizi. Nilikuwa na miaka tisa, kisu kiliteleza kwa utomvu, damu ikaruka hadi kwenye maganda. Mama alipiga yowe. Tata alikuwa anasahihisha madaftari, akaja na kalamu nyekundu bado sikioni. Hakuniuliza nimefanya nini. Aliingia kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, akachuma majani ya kishona nguo, yale ambayo mbegu zake hunata kwenye sketi, akayafikicha hadi yakatoa maji ya kijani, akayaweka juu ya kidonda na kukandamiza kwa dole gumba. Halafu akaanza kusali Baba Yetu kwa Kihaya, polepole, kama anavyosali kanisani. Alipofika mwisho nilitaka kutazama. Akanikataza. Akasali tena. Nikajaribu tena kuvuta mkono, akanikazia macho ya mwalimu. Mara ya tatu aliposema amina, aliinua kidole, na damu ilikuwa imenyamaza.

Akaniambia kwamba watu wengi hawapotezi damu kwa sababu ya kidonda, wanaipoteza kwa sababu ya kuchungulia.

Niliyaelewa maneno hayo karibu miaka thelathini baadaye, nikiwa Dar es Salaam, nimevaa barakoa na glavu.

Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji wa moyo kwa miaka kumi na mmoja. Watu wakisikia upasuaji wa moyo hufikiri kazi kubwa ni kukata. Kukata ni dakika chache. Kazi kubwa ni damu. Ili ile mashine inayosukuma damu badala ya moyo ifanye kazi, mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande. Daktari akimaliza, anapewa dawa nyingine ya kuirudisha damu katika tabia yake. Lakini damu ni kaidi. Huchelewa kukumbuka. Unakuta mshono umekaa vizuri kabisa, mkubwa wa kazi ameridhika, halafu kila tundu la sindano linachuruzika damu kidogo kidogo, na hilo kidogo kidogo huua.

Hapo uzi hausaidii tena, kwa maana kila ukishona unaongeza tundu. Hapo ndipo tulipotumia vile vitu vya kuweka juu. Kulikuwa na kitambaa chepesi kilichotengenezwa kwa nyuzi za mimea, ambacho kikilowa damu kinakuwa cheusi na kushikamana na kidonda. Kulikuwa na nta ya kupaka kwenye mfupa wa kifua uliopasuliwa. Kulikuwa na sponji ya gelatini, nyepesi hata ukiipuliza inaruka, na unga wa kugandisha unaotokana na damu ya ng'ombe, ambao unauchanganya na maji ya chumvi na kuilowesha ile sponji. Unaweka, unafunika kwa gozi, kile kitambaa cha bandeji, unakandamiza, unasubiri. Sponji na kitambaa huachwa humo humo ndani, na mwili huviyeyusha wenyewe kwa wiki kadhaa.

Na sheria ilikuwa ile ile ya kwetu kibanjani. Usichungulie. Madaktari vijana wote walichungulia. Walinyanyua gozi baada ya nusu dakika, wakaling'oa donge lililokuwa linaanza kushika, na tukaanza upya.

Mimi nilihesabu kwa Baba Yetu. Nilisali kimyakimya nyuma ya barakoa, kwa Kihaya, kwa mwendo wa Tata. Siku moja daktari bingwa aliniuliza bado muda gani, nikajibu bila kufikiri kwamba tumefika kwenye mkate wetu wa kila siku. Chumba kizima kiliangua kicheko. Tangu siku hiyo akawa anauliza, "Sista, tumeshasamehewa?" Nikisema bado, hakuna aliyegusa gozi.

Naukumbuka ule ubaridi wa chumba kile, harufu ya mfupa unapokatwa, redio ndogo iliyocheza taarabu kwa sauti ya chini kwa sababu mtu wa dawa ya usingizi alikuwa wa Tanga. Nimerudi Bukoba miaka mitatu sasa, nafundisha uuguzi, nalala saa tatu. Sikujua ningepatamani pale.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Miaka saba iliyopita Tata aliletwa Dar kwa sababu valvu moja ya moyo wake ilikuwa imekakamaa, haifunguki vizuri kupitisha damu. Ilibidi ibadilishwe. Daktari alimweleza kwamba kuna valvu za aina mbili, ya chuma na ya mnyama. Tata akauliza mnyama gani. Akaambiwa waliyo nayo ni ya ng'ombe. Akauliza, kwa heshima zote, kama inajulikana ng'ombe huyo alikuwa rangi gani.

Daktari alinitazama mimi. Nilimweleza habari za ukoo wetu, na hakucheka. Alimwambia Tata kwamba haijulikani. Tata akachagua chuma, na akaambiwa wazi gharama yake, kwamba mwenye valvu ya chuma humeza dawa ya kulainisha damu kila siku hadi anakufa, na kupimwa damu kila mara, na kuchunga hata mchicha anaokula. Alikubali yote. Mtu wa miaka sitini na sita alichagua kifungo cha maisha ili asiweke ng'ombe asiyemjua ndani ya kifua chake.

Siku ya upasuaji sikuruhusiwa kuingia, kwa sababu muuguzi hahudumii mzazi wake. Nilipewa kazi ya stoo, chumba kidogo kilichopakana na chumba cha upasuaji, na funguo za kabati zote. Walidhani wananipumzisha.

Saa sita na kitu mlango ulifunguliwa. Alikuwa Hadija, muuguzi mwenzangu, tuliyekula naye chapati moja miaka mingi. Macho yake juu ya barakoa niliyasoma kabla hajasema. Alisema mzee anavuja kwenye mshono wa mshipa mkubwa, kitambaa cha mimea kimewekwa mara mbili na kimeelea, daktari anataka sponji na unga. Akanyoosha mkono.

Nilijua. Nataka niliandike hili kwa unyoofu, kwa sababu kwa miaka saba nimejiambia kwamba nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Boksi la unga lilikuwa na picha ndogo ya kichwa cha ng'ombe pembeni, na niliitazama. Nilimwona Tata akiuliza rangi. Niliona ngozi kwenye msumari. Yote hayo yalipita ndani ya pumzi moja, na pumzi hiyo hiyo nikachukua maboksi mawili badala ya moja nikampa Hadija.

Damu ilinyamaza.

Tata akaamka, akapona, akarudi Muleba. Wiki ya tatu alisimama kanisani kutoa shukrani. Alisema mbele ya usharika wote kwamba Mungu amemponya na hakumwaibisha mbele ya mababu zake, kwamba ameingia kwenye visu na kutoka akiwa mtu wa ukoo wake, mzima. Mama, ambaye bado alikuwa hai wakati ule, alinishika mkono kwa furaha. Mkono wangu ulikuwa baridi.

Wazee wanasema anayevunja omuziro hutokwa na mabaka mwilini. Nicheke au nilie? Mimi muuguzi mwenye diploma mbili nimekuwa nikijikagua bafuni kwa miaka saba. Mwaka juzi nilipata baka karibu na kiwiko. Daktari wa ngozi alisema ni fangasi na akanipa tyubu ya dawa. Nilitumia tyubu tatu.

Ningekufa na siri hii bila shida. Lakini tangu Juni Tata anahema akipanda kile kilima cha kwenda kanisani. Tumempima. Nyama imeota pembezoni mwa ile valvu ya chuma na inaizuia kufunguka. Lazima afunguliwe tena, na kifua kinachofunguliwa mara ya pili kina hatari zaidi kuliko cha kwanza, kwa kuwa moyo unakuwa umegandana na makovu, na kila ukitenganisha panavuja. Tunaondoka Alhamisi kwenda Dar, upasuaji ni Ijumaa.

Daktari ni yule yule. Alinipigia wiki iliyopita, sauti yake imezeeka kidogo. Alisema ataanza na kitambaa cha mimea kama kawaida, lakini kwa kifua cha namna hii haahidi. Halafu akasema kwamba utaratibu wa sasa unataka mgonjwa aulizwe mapema kama ana pingamizi na vitu vinavyotokana na wanyama. Anakumbuka. Akasema, "Sista, zungumza naye wewe. Mimi nitaandika utakachoniambia."

Utakachoniambia! Ningeweza kumwambia mzee hana pingamizi. Nililifikiria hilo kutoka Jumatatu hadi jana, na sioni aibu kukiri. Lakini nawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka kwamba mwili ni wa mgonjwa, si wetu. Nimeichoka nafsi yangu inayosema hivyo darasani.

Basi leo, baada ya ibada na baada ya ndizi na dagaa, tulibaki wawili sebuleni. Tata aliniwekea kisahani cha kahawa ya kutafuna, kama mgeni. Alikuwa mchangamfu. Alikuwa ananisimulia habari za kisiwa cha Bumbire, alikofundisha akiwa kijana, jinsi wavuvi walivyomlipa ada za watoto kwa samaki hadi akachukia harufu yake. Nilipiga magoti mbele yake. Alidhani nimedondosha kitu.

Nikamwambia. Kabati, Hadija, boksi, kichwa cha ng'ombe. Sikupunguza neno.

Mvua ilikuwa inaanza.

"Alikuwa rangi gani?"

"Haijulikani, Tata. Ni unga. Unatoka kwa ng'ombe wengi wa nchi za mbali, wanachanganywa."

"Kwa hiyo anaweza kuwamo wa mabaka."

"Anaweza."

Aliuliza ulikuwa unga kiasi gani, nikamwambia kama kijiko kidogo cha chai. Akauliza sasa uko wapi. Nikamweleza kwamba haupo tena, kwamba mwili uliuyeyusha na kuumeza ndani ya wiki chache.

"Basi ndio mimi sasa," akasema.

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika. Alijitazama mikono, akaigeuza, kama anayekagua kitu alichonunua. Mimi nikaona kwa kuwa nimeshaanza nimalize, nikamwambia na la upasuaji wa Ijumaa, kwamba huenda unga ule ukahitajika tena, na kwamba safari hii anaulizwa mwenyewe. Anakubali au anakataa?

Hapo ndipo alipokasirika.

"Kwa nini umeniuliza, Koku?"

Nilianza kusema habari za haki ya mgonjwa. Akanikatiza kwa kuinua kiganja. Akanieleza sheria ambayo sijawahi kuelezwa, labda kwa sababu mimi ni mwanamke na nilihesabiwa kuwa nitaolewa na kwenda kwenye mwiko wa watu wengine. Mtu aliyelishwa bila kujua hana hatia. Hatia yote iko kwenye mkono uliompa. Kwa miaka saba yeye alikuwa safi, na mimi ndiye niliyebeba. Ingeendelea hivyo hadi kaburini na pasingekuwa na ubaya wowote. Lakini leo nimemjulisha, na nikaongeza nimemuuliza. Aliyeulizwa amejua. Akikubali sasa, ni yeye aliyevunja, kwa kinywa chake, akiwa mzee, na baba wa watu.

"Umenifungia mlango ambao Mungu aliuacha wazi," akasema. "Jibu langu ni hapana."

Kuuliza si ujinga. Nimeliandika hilo ubaoni mara ngapi? Leo nimeuliza, na ujinga wangu nimeushika mkononi.

Nilitoka nikaenda kibanjani bila mwamvuli. Nilisimama pale alipozikwa Mama, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe, nikalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na moja. Nililia kwa hasira. Nilijiona nimemuua baba yangu kwa ajili ya dhamiri yangu, ili mimi nilale vizuri. Maana tuseme ukweli, sikumwambia kwa ajili yake. Nilikuwa nimechoka kubeba.

Mama angefanyaje? Mama alikuwa wa ukoo mwingine, mwiko wake haukuwa huu, lakini kwa miaka arobaini na saba hakupika nyama bila kujua rangi. Nakumbuka alivyokuwa anamtania Tata kwamba siku ya kiyama atauliza hata malaika mabawa yao yana rangi gani. Tata alicheka hadi akafuta machozi. Wakati ule nyumba ilikuwa na sauti. Sasa kuna saa ya ukutani na mzee mmoja.

Niliporudi ndani nimelowa chapachapa, Tata alikuwa amevaa miwani na ameshika zile fomu za hospitali nilizomletea. Alikuwa amezipitia zote kwa kalamu nyekundu. Neno "upasuaji" lilikuwa limekosewa mahali fulani, akalisahihisha na kuweka alama pembeni. Nilijikuta nacheka huku pua inatiririka. Yeye hakucheka. Alininyooshea taulo, kisha akagonga ukurasa wa mwisho kwa kidole.

Pale kwenye pingamizi alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, kwamba anakataa vitu vya ng'ombe. Ameweka sahihi.

Chini yake kulikuwa na mstari mwingine, wa jina la ndugu atakayeulizwa endapo mgonjwa hawezi kujibu na hali imebadilika. Siku zote mstari huo huandikwa mtoto wa kiume. Mwaka ule aliandika Projest. Leo ameandika jina langu, yote matatu, na mbele yake akaongeza maneno ambayo fomu haikuyaomba, kwamba neno la huyu likisemwa nikiwa nimelala, lifuatwe kuliko langu.

Alitaka nirudie alichosema, kama alivyotutaka darasani.

"Umesikia nimekataa?"

"Nimesikia, Tata."

"Vizuri. Mimi nikiwa macho, nimekataa. Lakini humo ndani nitakuwa nimelala, na aliyelala haulizwi."

Akavua miwani, akaikunja.

"Ila wewe utakuwa macho, mwana wange. Utaweza kubeba mara ya pili?"

Nilipiga tena magoti mbele yake. Nikaitikia kwa kichwa. Akanishika begani akaninyanyua kutoka pale chini, akaniambia nikabadilishe nguo kabla sijapata homa, kwamba hana muda wa kuuguza muuguzi.

Njia nzima ya kurudi Bukoba nimekuwa nikilifikiria swali lile. Amenirudishia mzigo ule ule. Tofauti ni kwamba safari hii ananitazama ninavyoubeba, na anajua uzito wake, na ameuliza kama nitaweza. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Sijui kama wazee wa ukoo wangeikubali hesabu yake. Sijui kama mchungaji angeikubali, wala wakubwa wangu wa chuoni. Pengine alichofanya leo ni ujanja wa mwalimu mzee anayetaka kuishi. Anataka kuishi. Amekataa kulisema kwa kinywa chake, akaliandika kwa kalamu nyekundu. Nampenda kwa hilo kuliko ninavyoweza kuliandika hapa.

Nimempigia daktari na kumsomea maneno yote mawili, la kukataa na la chini yake. Ameniuliza kama nina hakika. Ameahidi kuanza na kitambaa cha mimea na kukipa muda wake wote. Projest, sasa unaweza kupiga simu. Kasirika ukitaka kwamba jina lako halipo. Ukimaliza, njoo na gari Alhamisi asubuhi, utupeleke uwanja wa ndege.

Mimi na mabaka tutaelewana.

Ijumaa nitakaa kwenye lile benchi la nje ya chumba cha upasuaji, upande wa ndugu, ambako sikuwahi kukaa. Nitaomba kitambaa kishike. Na mlango ukifunguliwa, nikaona macho ya mtu juu ya barakoa, hatapata kazi ya kunitafuta wala ya kunieleza. Nitakuwa nimeshasimama.